Koleti Iliyoitwa Jirani

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na nne. Nilipomwambia mwenye karakana kwamba naacha kazi kwenda kufundisha chuo cha ufundi Vwawa, alifikiri kidogo, akasema hapa kwake watu huondoka kwa njia tatu: kufukuzwa, kufa, au kustaafu. Kwa kuwa mbili za kwanza hazijanipata, basi mimi ni mstaafu. Wakaninunulia soda na keki iliyoandikwa "Pumzika Salama", maneno ambayo nadhani mwokaji aliyazoea kwa shughuli nyingine. Baada ya keki, Jofrey wa mashine ya kukereza akanipa daftari jipya na kalamu. "Andika, dada Injinia," akasema. "Wanaokuja wasituulize sisi."

Kwa hiyo haya ni yenu, nyinyi mnaoingia. Mshahara na vyeo nitaviruka, kama vyenyewe vilivyoniruka mimi. Nitaandika habari za koleti, kwa sababu kosa langu kubwa kuliko yote nililifanyia hapo, na kwa sababu siku yenu ya kwanza mtapewa trei ya koleti mzisafishe.

Kwa mgeni kabisa, koleti ni bomba fupi la chuma lililopasuliwa mipasuo mitatu. Unaingiza ndani yake mkia wa kikatio, yaani ile sehemu laini isiyo na meno, kisha unaivuta koleti juu ndani ya mashine ya milingi, ile inayochonga chuma kwa kikatio kinachozunguka, kwa boliti ndefu. Mipasuo inajifunga, kikatio kinashikwa, kazi inaanza. Ni jambo dogo sana. Chuo kikuu, katika miaka minne ya uhandisi mitambo, lilipewa nusu ukurasa, na nusu hiyo ilikuwa na picha.

Nusu ukurasa huo haukusema lolote kuhusu kufanya kazi hapa Tunduma, mtaa wa nyuma ya foleni ya malori, hatua chache kutoka nchi nyingine. Vikatio vyetu vina uraia wa aina mbili. Vya zamani vilivuka kutoka Zambia, vilikouzwa na karakana za migodi zilipofungwa, na vyote ni vya inchi. Vipya vinatoka Dar es Salaam kwenye maboksi ya plastiki, navyo ni vya mili. Nusu inchi ni mili kumi na mbili nukta saba. Ukiiweka mkononi pamoja na ya mili kumi na mbili, hutaona tofauti. Ila kwa koleti ya mashine yetu, ambayo inashika saizi yake tu na haina huruma zaidi ya unene wa karatasi mbili tatu, tofauti hiyo ni kubwa kuliko mpaka wenyewe, ambao watu huuvuka kwenda kununua nyanya.

Mlinzi wa mambo hayo yote alikuwa Mzee Silwimba, fundi wa milingi, Mnamwanga aliyetumia ujana wake kwenye migodi ya ng'ambo na kurudi na ujuzi, kikohozi na maneno machache ya Kibemba. Mimi aliniita mwaiche, yaani mdogo, tangu siku ya kwanza hadi alipostaafu. Akikasirika aliniita Kibona, jina la baba yangu, kana kwamba anapeleka mashtaka moja kwa moja nyumbani kwetu Ileje.

Siku hiyo ya kwanza nilifika na vernia ya kidijitali, kipimo cha unene na matundu, ndani ya kiboksi chenye kitambaa chekundu. Mzee alinisalimia mimi na hakuisalimia vernia. Akanipa trei ya koleti kumi na nne na kopo la mafuta ya taa. Nikaziosha, nikaona namba zake zote zimesuguliwa na miaka hadi zimefutika. Nikachukua ya kwanza nikamuuliza ni saizi gani.

"Huyu ni Shangazi," akasema.

"Nauliza saizi, Mzee."

"Shangazi ni Shangazi. Mfute vizuri kwanza, ukimwendea na uchafu hakupokei."

Zote zilikuwa na majina. Shangazi alipokea vikatio vya mili kumi na sita, ila ukiacha hata chembe ya vumbi kwenye mkia vinakwama mlangoni. Mwinjilisti akishakushika hakuachii, na kumtoa kikatio kulihitaji nyundo ya plastiki na uvumilivu. Walikuwepo Pacha wawili, ambao hawakufanana hata kidogo. Na alikuwepo Jirani. Mzee alimpitia haraka, akasema huyo usimtumie, ni kama jirani yake mmoja wa zamani aliyekuwa akikukaribisha kwa furaha sana mlangoni, ukiingia ndani hakuna kiti. Watu wote wakacheka. Nikacheka pia, kwa adabu, nikidhani ni mzaha tu.

Chuo kikuu nilifundishwa kuhoji, na hilo ndilo somo nililofaulu kuliko mengine yote. Niliuliza kwa nini chai ni saa nne na siyo saa tatu na nusu. Niliuliza kwa nini mafuta ya kupozea yanachanganywa na mtu mmoja tu. Nilimuuliza Mzee kwa nini anaipiga mashine makofi mawili ubavuni kabla ya kuiwasha. Akasema anaisalimia. Baada ya miezi mitatu nilifungua boksi la swichi, nikakuta waya umelegea, nikaukaza. Mashine ikawa inawaka bila makofi. Mzee aliendelea kuisalimia, na nilipomuuliza kwa nini, akasema salamu haikatwi kwa sababu mwenzako amepona.

Ushindi ule wa waya uliniharibu. Niliamini sasa kwamba kila desturi ya karakana hii ina waya uliolegea mahali fulani, na kazi yangu ni kuukaza. Majina ya koleti yalinikera kuliko yote. Niliona ni ujinga mtu mzima kutafuta kikatio cha mili kumi na mbili kwa kuuliza Mwinjilisti yuko wapi. Zaidi ya hapo, majina yale yalikuwa kichwani mwa mtu mmoja. Hoja hiyo ya pili naisimamia mpaka leo.

Mwaka wangu wa pili, Jumamosi moja Mzee akiwa kanisani kwa mazoezi ya kwaya, nilichukua vernia yangu, nikapima tundu la kila koleti mlangoni pake, mahali meno ya vernia yanapofika. Nikachukua namba za kugonga na nyundo, nikaipa kila moja saizi yake usoni, tarakimu safi zilizonyooka. Koleti tatu zilitoka na namba kumi na mbili. Nikaona ni bahati, kwani saizi hiyo ndiyo tunayoitumia sana.

Jumatatu Mzee aliitazama trei. Akachukua moja, akaigeuza, akairudisha.

"Umewapiga chapa kama ng'ombe," akasema.

"Sasa kila mtu anaweza kusoma, Mzee."

"Kusoma nini?"

Nikamwona ni mtu wa zamani. Yeye hakubishana. Alichukua kitambaa, akaisalimia mashine, akaanza kazi.

Wiki chache baadaye, msimu wa kahawa ukiwa umepamba moto, alikuja Mama Nzunda kutoka Itaka. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima chenye mashine moja ya kumenya kahawa, na mashine hiyo ilikuwa imekatika shafti jana yake jioni. Alifika asubuhi, mapema kuliko sisi, akiwa amekaa kwenye kreti la soda nje ya geti na vipande viwili vya shafti vimefungwa kwenye kitenge kama mtoto. Kahawa mbivu ya kaya zote za kikundi ilikuwa kwenye magunia tangu jana. Kama mnatoka kwenye mahindi niwaeleze: kahawa ikishachumwa haingoji. Isipomenywa inachachuka gunia likiwa limefungwa, na ikichachuka kazi ya mwaka mzima inauzwa kama takataka. Mama Nzunda alisema ya jana inaweza kuvumilia mpaka jioni, haiwezi kufika kesho. Alisema hivyo mara moja tu, kisha akahamishia kreti lake ndani, karibu na mashine, akakaa pale kutuangalia.

Chuma cha unene ule kilikuwepo kipande kimoja, urefu ukitosha kabisa bila ziada. Jofrey akakikereza vizuri, kufikia saa sita kilikuwa shafti. Kilichobaki ni mfereji mmoja kwenye ncha, wa upana wa mili kumi na mbili na kina cha mili tano, ambamo hukaa kipande cha chuma cha mraba tunachokiita kii, ili puli isizunguke peke yake. Hiyo ni kazi ya milingi. Mzee Silwimba hakuwepo. Alikuwa ameondoka alfajiri kwenda ofisi za wilaya Chitete kwa shauri la shamba lake.

Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilichukua kikatio kipya cha mili kumi na mbili. Nikachukua koleti iliyoandikwa kumi na mbili, ya kwanza kati ya tatu. Mkia ukaingia, ukabana mlangoni vizuri. Nikakaza boliti. Mkato wa kwanza, wa mili moja, ulitoka safi kama siagi, nikamtazama Mama Nzunda nione kama ameona. Mkato wa pili nikaongeza. Mashine ikaanza kunguruma kwa sauti nzito, kisha ikapanda ikawa kama mtu anayesaga meno. Nilipoizima, kikatio kilikuwa kimeshuka chenyewe kutoka kwenye koleti, kikazama. Mfereji uliotakiwa uwe na kina cha mili tano ulikuwa na mili tisa, tena umepinda.

Mama Nzunda akainuka kwenye kreti lake, akasogea, akatazama.

"Chuma ni kibaya?" akauliza.

Jofrey, ambaye ni rafiki wa kweli, alikuwa ameshaanza kueleza kuhusu umeme wa Tunduma unavyopanda na kushuka. Maelezo yalikuwa mazuri, na siku nyingine yoyote yangekuwa kweli.

"Si umeme," nikasema. "Ni mimi, mama. Nimekosea kushika kikatio."

Alinitazama. Simu yake ikaita, watu wa Itaka, akaizima.

"Basi rekebisha, mwanangu. Hasira nitazipandia nazo gari. Njia ni ndefu, zitapata nafasi."

Akarudi kukaa.

Nilimpigia Mzee. Mtandao wa Chitete siku hiyo ulikuwa unakuja kwa vipande. Nikamweleza kilichotokea.

"Umemtumia nani?" akauliza.

"Namba kumi na mbili, Mzee."

"Kibona. Sijakuuliza umri wake. Nimekuuliza jina lake."

Nikasema sijui jina lake, majina niliyafuta. Akauliza kama ana doa la bluu begani, la kuungua. Nikatazama. Lilikuwepo.

"Huyo ni Jirani," akasema. "Mpime ndani, siyo mlangoni."

Nilichukua keekee yenye mkia wa mili kumi na mbili na nusu, nikaiingiza kwa nyuma ya koleti. Ikaingia yote, ikacheza huku na huku, ikagota mbele karibu na mdomo. Ndipo nikaelewa. Jirani ilikuwa koleti ya nusu inchi, ya ng'ambo. Miaka mingi nyuma mtu fulani alikuwa akiilazimisha ishike mikia ya mili kumi na mbili, akikaza boliti kwa kuongeza bomba kwenye spana, mpaka midomo ikajikunja ikabaki hivyo. Mlangoni ilikuwa kumi na mbili kamili. Ndani ilikuwa ukumbi. Vernia yangu ilisema kweli tupu kuhusu mlango, nami nikaugonga muhuri ukweli huo kwa nyundo.

Mzee alisema nimtumie Mwinjilisti. Nikauliza Mwinjilisti ni yupi kati ya waliobaki, wote wana namba kumi na mbili. Hapo mtandao ukaondoka, na haukurudi. Nikabaki na koleti mbili mkononi, zinazofanana, zilizoandikwa na mimi mwenyewe.

Jofrey akaja, akafuta mikono, akazichukua. Akageuza moja kwenye mwanga wa dirisha.

"Huyu namjua," akasema. "Ona hizi alama za nyundo kitakoni. Nilikuwa namtoa kikatio mwaka juzi akanipondesha kidole gumba. Huyu ndiye Mwinjilisti."

Zamani ningemwamini papo hapo au ningembishia papo hapo. Siku hiyo nilifanya yote mawili. Nilimwamini, kisha nikaipima koleti: mkia wa mili kumi na mbili ukaingizwa kwa mbele, ukatelezea ndani mpaka mwisho bila kucheza, ukaingizwa kwa nyuma, ukatelezea vilevile. Kidole cha Jofrey kilikuwa sahihi kabisa.

Mfereji ulioharibika tukaujaza kwa kuchomelea, Jofrey akaikereza tena ncha ikawa laini, nami nikaigeuza shafti nikakata mfereji mpya upande wa pili wenye chuma kizima. Nilikata nusu mili kwa nusu mili, nikisimama kila mara kuangalia kama kikatio kimeshuka. Mama Nzunda alisema, bila kuelekea kwa mtu yeyote, kwamba mwendo huu angeuona tangu mwanzo angeupenda. Saa tisa na nusu alipanda gari na shafti yake kwenye kitenge. Mwinjilisti hakutaka kuachia kikatio, nikamgonga kwa dakika ishirini, na sijawahi kufurahia kazi ya bure kama ile.

Wiki mbili tulikaa bila habari. Nilikuwa nasikia harufu ya kitu kilichochachuka hata kwenye mafuta ya kupozea. Wiki ya tatu dereva wa gari la Itaka alileta kifurushi chenye jina langu. Ndani kulikuwa na kopo kubwa la kahawa iliyokaangwa na kusagwa, na ujumbe aliokuja nao dereva kwa mdomo: mashine imefanya kazi vizuri, kahawa yote imeokoka isipokuwa gunia moja la chini kabisa, ambalo liliwahi kuchachuka. Hili kopo limetoka gunia hilo. Mama Nzunda anasema ni la Injinia, na anywe lote.

Tulilinywa miezi miwili, kila saa nne. Hakuna sukari iliyoweza kuificha. Mzee Silwimba, ambaye hakuwa na kosa lolote, alikunywa kikombe chake kila siku pamoja nami, akikunja uso, na siku ya kwanza aliniambia jambo ambalo sikulitarajia.

"Wewe ulifuta, mwaiche. Lakini mimi sikuandika. Ningefia Chitete, mngezika trei nzima."

Daftari lenye jalada la kijani mtakalolikuta kwenye kabati la vikatio lilianzia kwenye kopo lile. Kila koleti imeandikwa jina, saizi ya mlangoni, saizi ya ndani, na tabia yake. Mzee alikuwa akitamka, mimi naandika, na pale nilipotilia shaka tulipima, na mara mbili nilikuwa sahihi. Amezihifadhi mara hizo mbili moyoni. Sasa analima mahindi nje kidogo ya mji, na kila nikipita kumsalimia huniuliza kwanza hali ya Shangazi.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Pimeni mkia wa kikatio, msisome boksi, maana maboksi yetu yamebadilishana vikatio kuliko watu wanavyobadilishana namba za simu. Pimeni sehemu tatu, kwa sababu mkia uliowahi kuzunguka ndani ya koleti una mikwaruzo na umepungua. Ukipata kumi na mbili nukta saba, huyo ni wa ng'ambo, mtafutie koleti ya ng'ambo. Mkia uingie wote ndani, siyo nusu, na msishike kwenye meno hata siku moja. Futeni vyote viwili. Na kama koleti inataka bomba kwenye spana ndipo ishike, hiyo siyo saizi yake, acheni kuitesa.

Kuhusu Jirani. Hatukuitupa. Baada ya siku ile Mzee aliibadilisha jina, na jina jipya limo kwenye daftari la kijani kwa mwandiko wangu mwenyewe, kwa sababu alinilazimisha. Inaitwa Kibona. Sababu aliyoitoa, na nimeiandika pia kwenye safu ya tabia, ni kwamba ina cheti usoni.

Wakati wa kuaga, keki ikiwa imekwisha, niliomba wanipe koleti ile niende nayo Vwawa kama kumbukumbu. Haina kazi nyingine, nikasema. Mwenye karakana alikuwa tayari kukubali. Jofrey akakataa. Alisema ina kazi: asubuhi ya kwanza ya kila mgeni watamwekea mkononi na kumuuliza ni saizi gani.

Basi mtaulizwa. Mtaona tarakimu mbili safi, zilizonyooka, zilizogongwa na mtu aliyekuwa na uhakika. Watu watakuwa wamesimama na vikombe vyao wakisubiri mjibu. Msiseme lolote. Chukueni keekee ya kumi na mbili na nusu, mgeuzeni Kibona, mpimeni ndani.